Siku Mtani Alipokuja Wodini

Nimekojoa damu katika vipindi viwili vya maisha yangu. Mara ya kwanza nilifurahi.

Kwetu ni Newala, juu kabisa, ambako mvua ikikatika hakuna maji mpaka uteremke bondeni. Sisi watoto tuliteremka na mama zetu, na kabla ya kupandisha ndoo tulijitosa kwenye madimbwi mpaka ngozi ikakunjamana. Baada ya muda mkojo ukawa unamalizikia na damu. Wavulana wote tulikuwa hivyo. Wakubwa wakatuambia ni dalili ya kuwa wanaume, kama wasichana wanavyopata yao, na aliyechelewa alichekwa. Kichocho hatukukijua hata kwa jina. Shule niliiacha darasa la nne, mama alipoumia mgongo na maji yakahitaji mtu wa kuyapandisha. Nikaendelea kuteremka, nikaendelea kuoga kule kule.

Mara ya pili nilikuwa na mjukuu, mtoto wa binti yetu Rahima. Nilikuwa nimekwishahamia Lukuledi, kwa watu wa mke wangu Adija, maana kwetu mume ndiye anayemfuata mke. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa kimelala, malori ya wanunuzi binafsi yanaingia vijijini, salfa ya kupulizia mikorosho unainunua mwenyewe dukani kama sukari, na hospitali nazo zimeanza kutoza. Asubuhi moja nilisimama nyuma ya nyumba nikakojoa damu tupu yenye mabonge, bila maumivu yoyote. Nikamwita Adija aone.

“Hii si ya mganga,” akasema. “Vaa viatu.”

Katika hospitali ya misheni tulimkuta Daktari Cyril, kijana asiyezungusha maneno, nikampenda kwa hilo. Aliniingiza kidude chembamba chenye taa kupitia njia ya mkojo akachungulia ndani ya kibofu. Akaona uvimbe mmoja, mfano wa uyoga. Akaukata kwa kidude hicho hicho, kipande kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Jibu lilipokuja aliniita mimi na Adija.

“Ni saratani,” akasema. “Huo mmoja tumeutoa. Ninachoogopa ni ndugu zake. Ipo mingine huwa bapa, imelala juu ya ngozi ya kibofu, na kwa taa hii yangu nyeupe siioni. Kama ipo imetapakaa, kibofu chote kitoke kabla haijazama ndani. Kama haipo, unabaki na kibofu chako, unakuja tunakuangalia.”

“Kibofu kikitoka nakojolea wapi?”

“Kwenye mfuko. Unaning'inia hapa ubavuni, maisha yako yote.”

“Na kwa mke wangu?”

“Hapo napo kuna hasara.”

Adija aliangalia dirishani. Mimi nilimwuliza daktari atajuaje kama hao ndugu wapo, ikiwa hawaonekani.

Akasema nimepata bahati. Anakuja daktari mgeni kutoka Ujerumani, mama mmoja anaitwa Daktari Helena, na anakuja na taa ya buluu. Kabla ya kuchungulia, wanamimina dawa kibofuni na mgonjwa anaishikilia humo kwa muda. Saratani inainywa dawa ile kuliko nyama nzima inavyoinywa. Ukimulika buluu, penye saratani panawaka nyekundu kama kaa, hata pakiwa padogo kama punje ya mtama. Ni jambo jipya hata huko kwao, alisema, na dawa aliyobeba inatosha watu wachache tu. Mimi niliwekwa wa mwisho.

Mimi ni mkulima, nilimwelewa upesi. Ugonjwa wa ubwiri unga ukishika maua ya mkorosho unauona mweupe, unapuliza salfa. Usipouona, unakaa kivulini unangoja korosho ambazo hazitakuja. Nikamwambia, “Nataka mwone. Mkiona nyekundu, katani. Sitabisha. Msipoona, niacheni.” Tukakubaliana hivyo.

Siku yenyewe ilifika. Nesi wa wodi yetu alikuwa Veridiana, mtu wa Bukoba, mgeni huku kusini. Asubuhi alinitia mpira wa mkojo, akatoa mkojo wote, akamimina dawa, halafu akauchomoa mpira.

“Sasa baba, hapo usikojoe,” akasema. “Usinyanyuke, usinywe maji. Ukisikia kikohozi, kimeze. Mpaka kengele ya kanisa ya mchana, ndipo tutakuja kukuchukua. Dawa ikitoka hatuna nyingine.”

“Nitaishika.”

“Wanaume wote husema hivyo.”

Haikuwa kazi ndogo. Kibofu kilichokatwa hakina subira. Kila baada ya muda kilijikaza chenyewe kama mtu anayefinya nguo, nami nikawa nabana mapaja na kuhesabu mbao za dari. Adija alikaa kwenye kigoda akinifuta jasho. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mzee mmoja wa ngiri, kutoka Lupaso, naye akawa ananipa moyo: “Bana hapo. Bana kama mwizi.”

Ndipo akaja Sultani.

Sultani ni Mmakua wa Chiungutwa, fundi baiskeli, na siku za mnada huuza mitumba. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kuku wako unamtafutia na kamba ya kumfungia. Ukiugua anakuja kukuambia umechelewa kufa, na siku ya maziko yeye ndiye anayeshuka kaburini kabla yako, akajilaza humo mpaka apewe kitu. Hafukuzwi. Kumfukuza mtani kwa mgonjwa ni kama kukata undugu. Veridiana hakuyajua hayo. Alimwuliza mlangoni yeye ni nani, Sultani akajibu kwa adabu kabisa, “Ni ndugu yake, mama,” akapita.

Adija aliinuka akamwahi katikati ya wodi. Nilisikia kila neno.

“Sultani, leo nakuomba. Amewekewa dawa kibofuni, na ikitoka hakuna nyingine. Usimchekeshe.”

“Nisimchekeshe?”

“Usimchekeshe kabisa. Nakuomba.”

Kama angemwambia mtu mwingine yeyote, yangeisha. Lakini Adija naye ni mtani wake, kwa kuolewa na mimi, na miaka yote walikuwa wakitaniana hivyo hivyo, Adija kwa uso mkavu. Aliwahi kumwambia kwa uso huo huo kwamba nimekufa, Sultani akalia barabara nzima kutoka Chiungutwa, akanikuta nakula ugali. Kwa hiyo Sultani alimtazama Adija, akatikisa kichwa kwa heshima, akatoka nje. Alidhani mchezo umeanza na zamu ni yake.

Aliporudi alikuwa amevaa koti refu jeupe la mitumba, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na mkononi ameshika pampu ya baiskeli. Alitembea kama Daktari Helena, ambaye bila shaka alikuwa amemwona uani: hatua ndefu, kidevu juu. Wodi nzima ikageuka.

“Habari za asubuhi, wagonjwa,” akasema kwa sauti ya kike ya puani. “Nani hapa ana kibofu?”

Mzee wa Lupaso akanionyesha kwa kidole. Msaliti.

Sultani akasimama miguuni pangu. “Aa. Huyu ni Mmakonde wa Newala. Wagonjwa, sikilizeni, niwafundishe. Watu wa Newala wanaoga kwa kikombe, na ni siku ya kuoa tu. Maji haya aliyonayo tumboni ndiyo maji pekee ya ukoo mzima. Ndiyo maana amekataa kuyatoa. Mjomba wake yuko njiani na ndoo.”

Watu wakaangua kicheko. Mimi niliuma shuka.

“Sultani, toka,” Adija akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. Sultani akayaona, akaona Adija anacheza vizuri sana leo.

“Toka, mla panya,” nikamwambia na mimi, kwa meno.

“Mgonjwa amejibu. Bado yuko hai, hasara kwetu.” Akainua pampu. “Kipimo cha Ulaya kimezuiwa bandarini Mtwara, kinasubiri ushuru. Tutatumia hiki. Kwanza tusikilize.” Akapiga magoti, akaweka sikio juu ya tumbo langu, akafumba macho kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amemaliza. Kisha akafungua jicho moja, akamwambia mzee wa Lupaso kwa sauti ya chini:

“Anasoma Kurani humo ndani. Chura.”

Nilicheka. Sikuwahi kucheka hivyo tangu siku nilipoona damu. Kicheko kilianzia kifuani, kikashuka, kikafungua kila kitu. Nilihisi mkondo, nikaubana, ukanishinda, nikaubana tena, nikawa tayari nimelala kwenye umajimaji wa moto mpaka mgongoni.

Sultani alikuwa bado amepiga magoti. Aliona shuka linabadilika rangi karibu na mkono wake.

“Mtani,” akasema, na sauti ilikuwa ya kwake. “Ile dawa ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Mama Rahima alikuwa anasema kweli?”

Akasimama akaanza kufungua vifungo vya koti, vikamshinda, akalivua kwa kupitia kichwani. Halafu akainama sikioni pangu. “Labda imebaki kidogo. Usiwaambie. Wakiangalia, watakuta hiyo iliyobaki.”

Nikamwambia Adija amwite nesi.

Veridiana alilifunua shuka, akaliangalia, akaangalia pampu. Hakuelewa na hakuna aliyeweza kumweleza. Daktari Helena alikuja na Daktari Cyril. Yule mama alishika shuka lile kwa vidole viwili akaongea Kijerumani taratibu.

“Anauliza imetoka yote?” Cyril akasema.

“Sijui. Iliyotoka ni nyingi.”

“Anauliza kwa nini.”

“Mwambie nilicheka.”

Cyril hakutafsiri upesi. Yeye ni wa kusini, alikuwa amemwona Sultani koridoni na koti lake mkononi, akaelewa. Alipotafsiri, Daktari Helena alinitazama usoni akingoja maneno mengine yafuate.

Walinipeleka chumba cha upasuaji hivyo hivyo. Wakanichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa, kichwa kikabaki macho. Taa za chumba zikazimwa. Nikaona ukutani mwanga wa buluu uliovuja kwenye kile kidude, buluu kali ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu chochote kingine. Yule mama aliweka jicho, akazungusha, akazungusha tena. Akampa Cyril nafasi. Cyril naye akaangalia. Walizungumza kwa sauti za chini na mimi nikawa nasubiri neno moja tu la Kiswahili.

“Pale palipokuwa na uvimbe wa kwanza pamewaka kidogo, hafifu,” Cyril akasema. “Kwingine kote ni giza.”

“Giza ni salama?”

“Giza ni salama kama dawa ilikaa. Kama haikukaa, giza ni giza tu. Hatuwezi kukuambia.”

Kesho yake alikuja kitandani peke yake. Akasema Daktari Helena anaondoka wiki hiyo, na upasuaji wa kutoa kibofu yeye Cyril peke yake hauwezi. Kama nataka kitolewe kwa tahadhari, ni sasa. Kama nataka kubaki nacho, pia ni sasa. “Ningekuwa mimi,” akasema, “sijui ningefanya nini. Sikudanganyi.”

Mjomba wangu, Mzee Yunusi, alikuwa amefika kutoka Newala. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda cha Adija, akauliza, “Wameona moto?”

“Hawakuona.”

“Wameona kitu chochote?”

“Kidogo, pale pa zamani.”

“Basi mtu hakatwi kwa kitu ambacho hakikuonekana.”

Adija alisema yeye angependa kikatwe. Alisema heri mfuko ubavuni kuliko eda. Alilisema mbele ya mjomba, jambo ambalo mke wa kwetu halifanyi ovyo, na mjomba akainamisha kichwa. Wote wawili wakaningoja mimi. Nilifikiria jembe na mfuko ule ukinigongagonga ubavuni. Nilifikiria msikitini, watu wakisogea pembeni taratibu kwa sababu ya harufu. Nilifikiria kitanda changu na Adija. Nikaona nakubali hasara hizo zote kwa kitu ambacho huenda hakipo.

Nikasema twende nyumbani.

Msimu ule mikorosho ilizaa vizuri. Nalisema hili kwa sababu watu walilisema: tazama, na mwenyewe amepona. Mkojo ulikuwa safi. Sultani alikuja mara kwa mara, akaanza tena kutukana, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Nami nikamjibu. Nilianza kuamini kwamba giza lile lilikuwa salama.

Masika yalipoanza damu ikarudi, safari hii na maumivu. Daktari Cyril aliniingiza kidude chake cha taa nyeupe na hakuchukua muda. Alinisubiri mpaka miguu ilipopata fahamu ndipo akaja kukaa ukingoni mwa kitanda.

“Imetapakaa upande wote wa kushoto,” akasema. “Na imezama. Imetoka nje ya kibofu.”

“Kitoe.”

“Haitasaidia sasa. Itakuwa kukuumiza bure.”

“Ilikuwepo siku ile?”

“Ilikuwepo. Si kubwa hivi, bado changa. Kitu cha ukubwa huu hakioti kwa msimu mmoja.”

“Ile taa ingeiona?”

Alianza kuinuka, nikamwambia ajibu, mimi si mtoto.

“Ingewaka,” akasema. “Na makovu ya kichocho pia yangewaka, kibofu chako kimejaa makovu. Lakini ningekata vipande penye wekundu wote, nikapima, nikajua. Ndiyo. Tungeiona.”

Nilimshukuru. Adija alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia. Tulirudi Lukuledi kwenye gari la mnunuzi wa korosho, juu ya magunia matupu, na njia nzima hakuniambia kwamba yeye alisema kikatwe. Heri angeniambia.

Dada yangu Zena alipopata habari alikuja kutoka Newala na mdomo umejaa maneno. Alitaka twende Chiungutwa, ukoo mzima, watu wa Sultani walipe. Mjomba akamwuliza, “Walipe nini? Tangu lini mtani anashitakiwa?” Zena akasema mtu ameuawa. Mjomba akasema, “Mtani akiua kwa utani, hakuua.” Wakabishana mpaka ugali ukapoa. Mimi nilikuwa nimelala ndani, ukuta ni wa udongo, nasikia.

Watu hudhani maumivu ndiyo mabaya kuliko yote. Maumivu yana vidonge, Veridiana alinifungia vya kutosha. Kibaya ni kwamba nina hasira na haina pa kwenda. Kama angekuwa adui ningemlaani. Kama angekuwa ndugu ningemfukuza nyumbani, halafu tungepatanishwa. Mtani hana pa kumshika. Wahenga wa koo zetu mbili walipanga hivyo ili watu wasigombane, na wakapanga vizuri, hawakuacha tundu. Naamka asubuhi na hasira yangu, nalala nayo.

Sultani aliacha kuja. Niliposikia amefunga kibanda chake cha baiskeli nikamtumia ujumbe aje.

Alifika mchana, kwa miguu. Hakupiga kelele toka barabarani kama desturi yake. Alisimama uani, akavua kofia, akasema, “Shikamoo, Baba Rahima.”

Miaka yote tumesalimiana kwa matusi. Shikamoo tunawaachia wakwe na walimu. Adija aliyekuwa anapepeta mbaazi aliacha ungo ukae mapajani.

“Ingia,” nikamwambia.

Akaingia, akakaa chini, mbali na kitanda.

“Umekuja kupima urefu wangu?” nikamwuliza. “Chimbeni refu, nitajinyoosha nikifa. Na wewe ukiingia humo kabla yangu usiniachie harufu.”

Hakucheka.

“Nimekuja kukuomba msamaha.”

“Mtani haombi msamaha.”

“Najua.”

“Na mimi siwezi kukusamehe. Hakuna kosa la kusamehe. Ulifanya kazi yako.”

“Najua hilo pia,” akasema. “Heri ungekuwa unaweza.”

Kuku aliingia, akatoka. Nikamwambia, “Basi nitukane. Nimekuitia hilo.”

Alijaribu. Niliona anatafuta, midomo inacheza kama zamani, macho yanaipita miguu yangu, mbavu zangu, kopo lililo chini ya kitanda. Mtu ambaye hakuwahi kukosa neno hata msibani.

“Umekonda,” akasema mwishowe.

Halikuwa tusi.

Mkojo ukanishika wakati huo. Siku hizi haunipi nafasi ya kuita. Sultani aliinuka kabla ya Adija, akanishika kwapani, akanisimamisha, akalishika kopo kwa mkono wa pili. Ilichukua muda mrefu. Nililia kwa maumivu na yeye akanishikilia. Kilichotoka kilikuwa kidogo, kizito, na sisi wote wawili tukakitazama. Akanilaza, akaenda kumwaga nyuma ya nyumba, akaliosha kopo, akalirudisha.

Nikamwambia aende, Chiungutwa ni mbali kwa miguu.

“Nitakaa,” akasema.

Nikamwambia hakuna cha kukaa kwa ajili yake, hakuna kitakachobadilika hapa.

Akavuta kigoda, akakaa.